Nilimwendea Dada Darasani, Nikanogewa na Udongo

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie, na nakuandikia haraka kabla dada yangu hajakuandikia yeye kunishtaki, maana ameapa atafanya hivyo, na akiapa huwa hatanii.

Mimi ni msichana wa mwaka wa pili chuo kikuu, nasoma sheria, na nina dada pacha anayesoma sayansi ya udongo kwenye kitivo cha kilimo, chuo hichohicho na chumba hichohicho cha bweni, yeye kitanda cha chini, mimi cha juu. Alinitangulia kuzaliwa kwa dakika chache tu lakini ukisikia anavyonituma utadhani ndiye aliyeninyonyesha. Tunafanana kiasi kwamba shangazi yetu alishakata tamaa zamani, sote wawili anatuita "wewe."

Kwanza nikuambie kwamba sifeli, na hilo ndilo linalonichanganya kichwa, kwa sababu wenzangu wanaotaka kuacha masomo wana sababu za kueleweka, mitihani imewashinda, mimi alama zangu ni nzuri tu, na kwenye mahakama yetu ya mazoezi nilimtetea mshtakiwa mpaka darasa zima likapiga makofi, na huyo mshtakiwa, ambaye ni kijana wa darasani kwetu na hakuwa ameiba kitu chochote, akaja kunishika mkono kwa machozi kana kwamba kweli nimemtoa jela, nami nikarudi kwenye kiti changu nikiwaza chakula cha mchana. Sikusikia chochote moyoni, mshauri. Niliona kama nimemaliza kufua.

Sheria niliingiaje? Baba yetu ni fundi wa friji, ametulea peke yake tangu mama afariki, na tangu nikiwa mdogo aliniita "wakili," basi ulipofika wakati wa kuchagua kozi dada yangu alisumbuka wiki nzima akiuliza huyu na yule, mimi nikajaza sheria bila hata kukuna kichwa, kama mtu anavyojaza jina lake. Sekondari tulisoma sayansi pamoja, mchepuo mmoja, na hakuna aliyeniuliza nimeiacha kwa nini, hata mimi sikujiuliza.

Sasa muhula huu dada aliteleza kwenye ngazi za bweni akavunjika mguu, akafungwa plasta kuanzia kwenye paja, akaamriwa kulala, na alichokililia si mguu bali ni masomo, akaniambia, "Mdogo wangu, nenda darasani ukanichukulie notisi. Keti nyuma. Usifungue mdomo." Nikamwambia sawa. Na kweli siku ya kwanza nilikaa nyuma nikafunga mdomo.

Lakini yule mhadhiri wao, mama mmoja mfupi wanayemwita Mama Udongo, hafundishi kwa kuongea tu. Alipitisha trei za udongo uliolowanishwa, akatuambia tuuviringishe viganjani kama soseji halafu tuukunje, ukikatika una mchanga mwingi, ukikunjika bila kupasuka huo ni mfinyanzi, na kuna ule wa katikati, tifutifu, unaohitaji subira kuutambua. Mshauri, nilipoushika ule udongo nilisahau niko wapi. Mama Udongo akauliza trei ya tatu ina nini, wenzangu wanaangalia dari, nami nikajisikia nasema, "Ni tifutifu, lakini kuna mfinyanzi umejificha ndani, nausikia unanata kwenye kidole gumba." Akaja mpaka kwangu, akaushika mwenyewe, akanitazama. "Wewe binti," akasema, "siku zote hizi ulikuwa umejificha wapi?"

Hapo ndipo ningesema, mama, mimi siye, mwenye darasa yuko kitandani. Sikusema. Nilitabasamu.

Basi nikawa naenda kila kipindi chao, naketi mbele, najibu, nabishana, tukachimba shimo nyuma ya shamba la chuo kuangalia tabaka za udongo nikawa kiongozi wa kundi, narudi bwenini kucha zimejaa tope, nanawa huku naimba, namwambia dada nimeanguka, huku vipindi vyangu vya sheria navikosa mpaka mhadhiri wa mikataba akaniuliza kama na mimi nimevunjika mguu. Na hata nilipohudhuria nilikuwa sipo, kwenye sheria ya ardhi wanazungumzia nani mwenye kiwanja, mimi nawaza kiwanja chenyewe kina udongo gani.

Wiki iliyopita dada akatolewa plasta. Akarudi darasani kwake kwa mkongojo, wenzake wakidhani ameumia jana tu, akaketi nyuma alikozoea, na Mama Udongo akampelekea trei hukohuko, mbele ya watu wote, akasema, "Haya, bingwa wetu, waambie wenzako hii ni nini." Dada akaitazama trei. Akamtazama Mama Udongo. Akasema, "Ni... ni udongo, mama."

Darasa lilicheka mpaka watu wakapiga meza. Alipofika chumbani hakunipiga, na heri angenipiga, alisimama na mkongojo wake akasema, "Umenifanya mtu mwerevu bila ruhusa yangu! Mimi nafaulu kwa utaratibu wangu, polepole, nyuma kule, sasa kila mtu ananitegemea nijibu!" Kisha akalia, na tangu siku hiyo ananisemesha kwa mambo ya lazima tu, kama "sogea."

Mshauri, naogopa. Nataka kuacha sheria nihamie udongo, lakini nikimfikiria baba anavyonipigia simu, "Wakili wangu, hujambo?", naishia kujibu sijambo. Na kuna swali jingine linalonitesa kuliko yote. Je, kweli napenda udongo, au napenda tu darasa ambalo mtihani wake ataufanya mtu mwingine?

Mimi,
Pacha Mdogo

MSHAURI ANAJIBU

Pacha Mdogo, binti yangu, nimecheka kwanza, nisikufiche, nimecheka mpaka mhariri akaja kuniuliza kuna nini. Sasa nimemaliza kucheka, kaa vizuri.

Dada yako alikuomba notisi, wewe ukachukua na kiti, na jina, na sifa. Ulimwachia nini mgonjwa wa watu? Mkongojo. Unaniandikia kwa madaha habari za tifutifu na mfinyanzi, na mwenzako aliaibika mbele ya darasa lake mwenyewe kwa kusema ukweli mtupu kwamba udongo ni udongo. Usijitetee. Najua unaweza kujitetea, mmefundishwa. Leo, kabla hujala, mwombe radhi. Na usimpe hotuba. "Dada, nimekukosea, nisamehe," basi, halafu unyamaze aseme yake yote.

Baada ya hapo mtakwenda wote wawili kwa yule mhadhiri, nawe ndiye utakayeongea. Atakasirika, ana haki. Chuo kina sheria zake kuhusu mtu kuketi kwa jina la mwingine, na wewe mwanasheria ulizijua. Umebahatika kwamba hukufikia kumfanyia mtihani, maana hapo mngefukuzwa nyote na barua yako ningeisoma huku nikilia. Adhabu utakayopewa ipokee.

Sasa mashaka yako. Mwanangu, kuwa na shaka na masomo si ugonjwa wala si utovu wa shukrani. Nimepokea barua za wanafunzi wa kila kozi unayoweza kuitaja, na wengi wanadhani wako peke yao kwa sababu kila mmoja akikutana na mwenzake korido anasema "mambo safi." Wewe umepata bahati ya kujua unachokitaka, ila umekijua ukiwa kwenye nguo za kuazima. Swali lako la mwisho ni zuri kuliko barua nzima, na mimi siwezi kulijibu. Litajibiwa na sehemu mbaya ya hiyo sayansi. Kila fani ina upande wake wa kuchosha. Kuchimba shimo na kuitwa bingwa hata mimi ningependa. Mwombe mhadhiri, kwa jina lako halisi, akuruhusu kuketi kwenye vipindi vinavyowakimbiza watu, vya hesabu na kemia, na akupe jaribio usahihishiwe kama wengine. Ukitoka humo bado unataka, utakuwa umejijua.

Wakati huohuo rudi kwenye mikataba yako. Usiache sheria kwa hasira wala kwa kupotea polepole. Mtu anayehama huaga. Chuo chenu kina ofisi ya mshauri wa wanafunzi, nayo haikujengwa kuwa stoo ya viti. Nenda ukaulize wazi: Masomo yangu ya sekondari yananiruhusu? Nitaanza mwaka upi? Ufadhili wangu utahama nami au utabaki? Majibu yakiwa machungu, afadhali uyaonje sasa.

Na baba. Hapa sina utani. Mwambie kabla hujaamua, usimpelekee habari iliyokwisha kuiva. Wala usimwambie kwenye simu. Panda gari, nenda, kaa naye anapofanyia kazi, mwangalie usoni. Umeniandikia anavyokuita. Hukuniandikia hata neno moja kuhusu anachokitaka. Nadhani hukijui, kwa sababu hujawahi kumuuliza. Kamuulize.

Ukikosa usingizi au chakula kwa sababu ya haya, usisubiri gazeti, nenda kwa mnasihi wa chuo siku hiyohiyo. Lakini mtu anayenawa tope huku akiimba, mimi simwoni kama mgonjwa. Inuka. Dada yako anakusubiri, hata kama anajifanya hakuoni.

BARUA YA PILI

Shikamoo mshauri. Wasomaji wako wawili watatu hapa chuoni wamenitambua, wanataka kujua iliishaje, basi nakuandikia, na safari hii dada ameketi hapa pembeni anahakikisha sijipambi.

Nilimwomba radhi kama ulivyosema, akaongea nusu saa bila kumeza mate, alipomaliza akaniuliza, "Mhadhiri tunamwona lini?" Tulikwenda kesho yake. Mama Udongo alitutazama, huyu, huyu, akavua miwani, akaifuta, akatutazama tena. Hakupiga kelele. Alitupa kazi ya kuosha trei zote za maabara mpaka mwisho wa muhula, sote, dada akalalamika kosa lake nini, akaambiwa, "Wewe kosa lako ni kuwa na mdogo kama huyu." Halafu akaniruhusu kuketi kwenye vipindi vya kemia ya udongo.

Mshauri, ni vigumu! Jaribio la kwanza nilipata alama ya kuificha chini ya godoro. Nilikasirika, nikajilaza, kisha nikainuka kwenda kumsumbua dada anionyeshe nilipokosea, na ilipofika jioni tulikuwa bado tunabishana juu ya chumvi za kwenye udongo. Hapo nikajijua. Kwenye sheria nikikosa swali nilikuwa nauliza tu kama nimefaulu.

Mshauri wa wanafunzi akaniambia inawezekana kuhama, ila nitaanza mwaka wa kwanza. Nikapanda gari kwenda nyumbani.

Baba nilimkuta karakana, amepiga magoti nyuma ya friji lililofunguliwa mgongo, nikamsalimia, nikakaa kwenye ndoo, nikamweleza yote, hata habari ya dada kuaibika. Alikaza skrubu aliyokuwa nayo mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwa hiyo sina wakili."

"Huna, baba. Nisamehe."

"Nani alikwambia usome sheria?"

"Wewe! Si unaniita wakili tangu utotoni?"

Akaiweka bisibisi chini. "Mwanangu, nilikuita wakili kwa sababu ulikuwa unabishana hata na redio! Lilikuwa jina la utani. Hata nilipoona umechagua sheria nilishangaa, nikasema labda anajua anachofanya." Akanitazama kama mtu aliyegundua ametengeneza friji lisilo bovu. "Miaka miwili, na hukuniuliza?"

Tuliangaliana, akaanza yeye kucheka, nami nikaangua, kicheko kilichochanganyika na machozi, mpaka mteja aliyekuja kuulizia friji lake akasimama mlangoni hajui aingie au arudi baadaye. Baba akajifuta macho kwa mkono wenye mafuta, akamwambia huyu ni binti yangu, anahamia kwenye mambo ya udongo.

"Udongo?" mteja akashangaa. "Udongo nao una nini cha kusoma?"

Baba akamvutia kiti. "Kaa hapo," akamwambia. "Friji lako bado. Huyu atakueleza, na usijaribu kumbishia."