Bolti Uliyoipiga Nyundo

Mchumba wangu wa zamani,

Salamu utapata kwa watu wengine. Mimi nimeona video yako, ndiyo maana na mimi naandika mahali ambapo kila mtu atasoma. Imefika mpaka kwenye kundi la simu la bodaboda wa hapa Magomeni ya Kilosa. Umevaa aproni nyeusi, umesimama mbele ya ukuta uliopangwa spana kwa ukubwa, unawafundisha watu wa Dar namna ya kurekebisha sehemu ya nyuma ya baiskeli ya milimani. Neno "jiometri" unalitamka kama mtu anayemumunya pipi. Halafu, ili darasa lichangamke, ukatoa mfano.

"Kuna dada mmoja kule Kilosa nilimtengenezea baiskeli vizuri kabisa. Akauogopa mteremko, akabana breki ya mbele, akaruka. Fundi anaweza kurekebisha baiskeli, hawezi kurekebisha woga."

Watu wakacheka. Na wewe ukacheka.

Dada huyo ni mimi. Kwa kuwa hukuwaambia wasikilizaji wako kwamba dada huyo ulikuwa umeshamtolea posa, acha nianzie huko.

Unakumbuka nilikuwa napokea wageni kwenye ile gesti ya Mikumi, pale malori yanapolala, na wewe ulikuwa unawatembeza watalii. Ulikuwa ukiingia na matope mpaka magotini, unajifuta viatu mlangoni bila kuambiwa, na mimi nikaona huyo ni mtu mwenye adabu. Msichana akitaka kupenda, hata mtu kufuta viatu humtosha. Mgeni wetu aliyekaa muda mrefu kwa kazi ya wanyama alipoondoka, alituachia baiskeli zake mbili za milimani, zenye shokapu mbele na nyuma. Wewe ulichukua nyekundu, mimi nikabaki na ya bluu. Asubuhi za Jumapili tulikuwa tunatoka kabla jua halijakaza, pundamilia wamesimama karibu na lami wanatutazama kama wazee wa kamati. Kwenye vilima ulikuwa unaniwekea kiganja mgongoni unanisukuma taratibu, na mkono wako mwingine uko kwenye usukani wako. Hilo sitalikana. Kiganja kile kilikuwa na upendo, au kilikuwa na kitu kilichofanana nao sana.

Tukapata wazo la kuwapeleka wageni kwa baiskeli kutoka Mikumi mpaka Kilosa kwa njia ya kijiji cha Ulaya, wakifika wapande treni. Nani asingependa kuwaambia Wazungu kwamba leo tunapita Ulaya? Mimi niliongea nao na kupanga safari, wewe ukawa fundi. Hakuna aliyekuteua. Uliamka tu siku moja ukawa fundi.

Tangu hapo baiskeli yangu haikupumzika. Wasomaji wengine hawazijui baiskeli hizi, kwa hiyo nieleze. Pale shokapu ya nyuma inaposhikana na fremu kuna bolti moja ndefu. Bolti hiyo inapita kwenye vipande viwili vidogo vya chuma, kimoja kulia, kimoja kushoto, na tundu la kila kipande halikai katikati, limesogea pembeni. Ukivigeuza matundu yaangalie chini, baiskeli inachuchumaa. Inatulia kwenye mteremko, ila pedeli zinakaribia mawe. Ukivigeuza yaangalie juu, inanyanyuka. Inapanda vizuri, ila kwenye mteremko usukani unakuwa mwepesi, unayumba. Sharti ni kwamba vyote viwili viangalie upande mmoja. Mambo ndiyo hayo. Mtoto wa darasa la nne anaelewa.

Wewe hukutaka nielewe. Wiki hii umeishusha, pedeli yangu inagonga jiwe kila tukikata kona, unaniambia sijui kupiga pedeli. Wiki ijayo umeinyanyua, usukani unacheza kama mkia wa mbuzi, unaniambia mikono yangu legelege. Ukajaza upepo kwenye shokapu mpaka ikawa ngumu kama benchi la kanisani. Nikalalamika mgongo, ukaupunguza mpaka nikikaa inazama yote. "Punguza ugali," ukasema mbele ya wageni. Nilipokuuliza unageuza nini hasa pale chini, ulinijibu kwa ile sauti ya kunihurumia: "Hayo ni mambo ya jiometri, utachoka bure."

Nilidhani mwanaume anayejua sana ndivyo anavyoongea. Siku hizi nawajua wanaojua sana, wala hawaongei hivyo.

Tuje kwenye ile asubuhi. Mgeni mmoja alikuwa amekwambia usiku uliotangulia kwamba kwa mteremko wa njia ile, baiskeli yangu ingefaa kushuka kidogo. Alisema mbele ya watu, na wewe ulichomwa. Nilipofika tayari ulikuwa umeifanyia kazi uani kwa mama yako pale Mikumi, unajifuta jasho. Nikakuuliza, "Umebadilisha kitu?" Ukasema, "Nimekaza tu." Tukaondoka.

Kwenye ule mteremko mrefu kabla ya Ulaya nilikuwa wa nyuma. Sikuogopa. Nimeshuka pale mara nyingi kuliko ulivyowahi kufua shati. Nilisikia mlio chini yangu, kama kijiti kikavu kinavunjika, na nyuma yote ikaanguka kwa mpigo. Sikubana breki yoyote, sikupata hata muda huo. Nikaamka nimelala kwenye changarawe, mfupa wa bega umesimama mahali pasipo pake.

Ulirudi juu ukaniangalia. Ukaiangalia na baiskeli. Uliiangalia baiskeli kwa muda mrefu kuliko mimi, nami nikadhani umechanganyikiwa kwa uchungu. Halafu mama mmoja wa kifugaji akatoka kwenye boma lao na mumewe, ukawaambia, "Mshikilieni huyu, wageni wangu watakosa treni. Nitarudi kumchukua."

Hukusema mchumba wangu. Ulisema huyu.

Mama yule alinifunga mkono kwa shuka yake, akanilaza kivulini, akaninywesha maziwa. Kiswahili chake kilikuwa cha kupimapima, lakini kilitosha.

"Yule ni mume wako?" akaniuliza.

"Bado, mama."

Akaangalia njia uliyopita, vumbi lako lilikuwa bado halijatua. "Basi Mungu anakupenda," akasema.

Mumewe alisimamisha bodaboda, wakanipakia katikati ya dereva na mama yule, akanishikilia kiunoni mpaka hospitali. Wewe ulinikuta wodini jioni, na maneno ulikuwa umeyaandaa. "Ulibana breki ya mbele. Nilikuona." Ulilisema hilo kwa wazazi wangu, ukalisema kwa mchungaji, ukalisema kwa kila aliyeleta uji na machungwa. Baba yangu alikupa pole. Baba yangu, mtoto wa kuli wa reli, ambaye hampi mtu pole ovyo, alikupa pole wewe kwa kuchumbia mtu mzembe. Na mimi nikaamini. Mtu aliyepoteza fahamu huwa anaazima kumbukumbu za mwenzake.

Bega lilipoanza kukubali, nilikwenda bomani kushukuru. Nilibeba sukari na majani ya chai. Mama yule akafurahi, tukakaa, halafu akaniambia jambo kama mtu anayeuliza habari ya ng'ombe aliyepotea.

"Yule kijana wako alirudi siku ile."

"Alirudi kunichukua?"

"Alirudi. Wewe hakukuulizia. Aliulizia baiskeli."

Unajua nilifanya nini? Nilikutetea. Nikamwambia mama yule labda ulikuwa umeshasikia nimepelekwa hospitali. Akaniongezea chai.

Baadaye ulihamia Dar kutafuta maisha. Simu zikawa fupi, posa ikafa bila hata kuzikwa, na mimi nilikaa zaidi ya mwaka sipandi baiskeli, nikiamini kwamba mimi ni mwoga. Nataka ulisome tena hilo, taratibu. Ulinivunja mfupa na mfupa ukaunga. Lakini ulinifanya nijidharau kwa kosa lako, na hilo lilichelewa kupona.

Halafu mama yako akaamua kusafisha stoo. Akaniita. "Mkwe," kwa sababu yeye hajaacha kuniita hivyo, "kuna baiskeli yako huku nyuma ya magunia. Alisema ameiuza." Nilimwamkia, akaitikia marahaba yake, tukaivuta pamoja nje, juani. Ilikuwa na matope yaleyale ya siku ile.

Nikapiga magoti nikaangalia. Kipande cha kulia kilikuwa kinaangalia juu. Kipande cha kushoto kilikuwa kinaangalia chini.

Uligeuza kimoja, ukasahau cha pili. Bolti haikuweza kupita kwenye matundu yaliyopishana, kwa hiyo ukaipiga nyundo mpaka ikaingia. Kichwa chake bado kina makovu. Katikati ilikuwa imekatika. Na wewe pale mteremkoni, ulipoinama ukaiangalia baiskeli kwa muda ule wote, uliona. Ndiyo maana uliirudia. Ndiyo maana uliificha nyuma ya magunia na ukasema umeiuza.

Mama yako alikuwa amesimama juu yangu. Sikumwambia kitu, lakini mama ni mama. "Nilisikia akigonga asubuhi ile," akasema. "Nikajiuliza, chuma cha baiskeli kinagongwa hivyo?" Akaingia ndani, na sikumfuata, kwa sababu mzazi akitahayari hapaswi kutazamwa.

Nilikupigia palepale. Nilikwambia nilichokiona. Kwanza ukakana, halafu ukasema taa ilikuwa mbovu, halafu ukasema ulikuwa na haraka. Nilingoja neno moja tu. Nililingoja kweli, simu iko sikioni na jua linanichoma utosi. Na wewe ukasema:

"Sasa unataka nini? Si hukufa."

Nimewahi kumchukia mtu, na chuki ina joto lake. Kwako nilihisi kitu cha baridi zaidi. Nilihisi kama mtu aliyefunua sufuria aliyokuwa akiilinda kwa muda mrefu jikoni, akakuta ndani ni maji matupu.

Wewe ni mwalimu siku hizi, kwa hiyo nikusimulie nilivyoitengeneza. Haikuwa rahisi, na sioni aibu kusema hivyo. Fundi wa malori pale Mikumi alinichongea bolti mpya, na ya kwanza ilikuwa nene kidogo. Sikuipiga nyundo. Nilimrudishia, akaipunguza. Bushi za shokapu, zile pete ndogo bolti inamopita, zilikuwa zimelika upande mmoja kwa ile kazi yako, nikasubiri nyingine ziletwe. Nikaweka vipande vyote viwili chini, nikapanda, nikagonga mawe. Nikaviweka vyote juu, usukani ukayumba. Nikaongeza upepo, ikanirusha kama punda. Nikaupunguza kidogokidogo, Jumapili baada ya Jumapili, nashuka kilima kilekile, nasimama, nabadilisha kitu kimoja tu, napanda tena kilima. Mara mbili nililia kwa hasira pembeni ya njia na mwenye ng'ombe mmoja akaniuliza kama nimefiwa. Mwisho nikagundua mimi naipenda ikiwa juu, upepo mdogo, na mikono iliyotulia. Mikono ile uliyosema legelege.

Halafu nikashuka ule mteremko wetu. Sikuwa na mgeni wala shahidi. Nilishuka, nikafika bomani, mama yule akatoka, akaiangalia baiskeli, akaniangalia bega, akasema, "Leo umekuja mzima." Tukanywa chai.

Kwa hiyo ukisimama tena mbele ya ukuta wako wa spana, ujue kwamba dada wa Kilosa anajibu. Sikuombi uniombe radhi. Huko nyuma ningeipokea, nikaificha moyoni, labda hata nikakurudia, na hilo ndilo jambo pekee linalonitia hofu nikikumbuka enzi zetu. Wanafunzi wako tu ndio ninaowaonea huruma. Fundi anayekosea ni mtu wa kawaida. Wao wanafundishwa na mtu anayeficha bolti iliyokatika na kutangaza woga wa aliyeanguka.

Safari za Kilosa zimeanza upya. Wageni nawapeleka mimi, na mama yako ndiye anayewapikia kabla ya safari. Asubuhi kabla hatujaondoka huwa nampa kila mgeni spana, namwonyesha pa kushika, akague mwenyewe baiskeli atakayoipanda. Wengi huona ni mchezo. Juzi mmoja aliniuliza kama siiamini kazi yangu.

"Naiamini," nikamwambia. "Lakini mwili utakaopanda ni wako. Una haki ya kujua umefungiwa nini."

Akachuchumaa, akakagua, akachukua muda wake. Wenzake walimngoja, na mimi nikamngoja.

Kaa salama huko uliko. Basi lako likisimama Mikumi, nunua maji, nyoosha miguu, kisha rudi kwenye kiti chako uendelee na safari.

Mimi,
uliyeniita huyu,
Magomeni, Kilosa.