Hodi kwa Dunia ya Pili

3 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje? Na cherehani, imeacha kukata uzi? Mimi mzima, ila usingizi umenikimbia.

Umesikia redioni habari za ile sayari yenye maji na hewa kama yetu. Hapa ofisini kazi zimelala, inazungumzwa sayari tu. Mhasibu anauliza kama pensheni italipwa huko. Sasa idara yetu itatuma salamu kule kwa mawimbi ya redio, kila lugha na msomaji wake, na kwa lugha yetu nimechaguliwa mimi. Eti sauti yangu ni safi. Mimi, ninayetetemeka nikijibu simu! Nitasoma moja kwa moja hewani, tarehe ishirini.

Maneno ameyaandika Mkuu wa Idara: "Tumeiona dunia mpya. Ni yetu sote. Tunakuja." Kila nikiyasoma kuna kitu kinanikwama kooni, na sijui ni nini. Niambie wewe.

Mwanao

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lilelile, linanitangazia umri kila nikipanda ngazi. Wateja wapo. Jana mmoja kaniuliza nguo gani inafaa kwa sayari mpya. Nikamwambia kwanza aje achukue ile ya dunia hii, inakula vumbi.

Kinachokukwama ni hodi. Nani anaingia kwa watu akisema "ni yetu, tunakuja"? Hata mwizi ana adabu ya kunyamaza! Kaka yangu alipofariki nilikuchukua nikakulea, na sikukulea hivyo. Mlangoni unabisha hodi, unasubiri. Ukibisha mara tatu pasiwe na jibu, unarudi ulikotoka. Husimami kizingitini ukaanza kugawa vyumba.

Mwambie huyo Mkuu wako.

Shangazi yako

15 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute salama. Mimi afya ipo, moyo ndio mgonjwa.

Nimemwambia. Nilisimama mbele ya meza yake nikamweleza habari ya hodi. Akacheka: "Hodi apigiwe nani, binti? Mawe? Hakuna mtu kule."

Nikasema, "Hatujui, mzee."

"Kama hatujui, basi hakuna." Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, kama naipenda kazi yangu.

Naipenda, shangazi. Mkataba unaisha mwezi ujao na yeye ndiye anayeongeza. Nitasoma kama ilivyoandikwa. Usinikasirikie.

Mwanao

21 Machi

Shangazi,

Leo naruka salamu, nisamehe. Ulisikia?

Taa nyekundu iliwaka, nikafungua mdomo, yale maneno yakagoma kutoka. Nikasema, "Hodi." Nikanyamaza. "Hodi." Nikanyamaza tena. "Hodi. Sisi ni majirani wenu wa mbali. Tusipoitikiwa, hatutaingia." Fundi mitambo nyuma ya kioo alijishika kichwa kwa mikono miwili.

Leo Mkuu kanipa karatasi mbili. Ya kwanza inasema ulimi wangu uliteleza. Nikiisaini, salamu yake itasomwa upya na mtu mwingine. Ya pili ni ya kujiuzulu. Nichague kabla ya mwisho wa mwezi. Naogopa hadi chakula hakishuki. Ila ajabu ni kwamba sijutii.

Mwanao

26 Machi

Mwanangu,

Kula kwanza, ndipo usome.

Nilisikia. Niliacha kushona, na mteja niliyekuwa nampima akaitikia "Karibu!" kabla hajajijua. Tulicheka mpaka nikameza uzi.

Jana walikuja wawili kutoka idara yako, wakasukuma mlango, hao ndani. Wanataka nikushauri usaini ile ya ulimi. Nikawaambia, "Tokeni nje, muanze upya." Watu wazima na tai zao, wakatoka. Wakabisha hodi. Nikaendelea kushona. Wakabisha tena, na tena. Kisha nikasikia gari linaondoka.

Usinione jasiri. Mguu ulitetemeka hadi cherehani ikawa inajishonea yenyewe. Nimeharibu suruali ya watu.

Sasa sikia. Usiseme ulimi uliteleza, maana siku ile ulimi wako ulikuwa na akili kuliko ofisi nzima. Wala usijiuzulu. Tangu lini mtu akajifukuza mwenyewe? Kaa kwenye kiti chako. Wakitaka utoke, wakubebe pamoja nacho.

Shangazi yako

31 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nimekula. Suruali ya watu imepona?

Nakuandikia nikiwa ofisini, kwenye kiti changu. Asubuhi nimemrudishia Mkuu karatasi zake zote mbili, pa saini pakiwa peupe. Akaniuliza, "Unajua nitakufanya nini?"

Nikamwambia, "Sijui, mzee. Lakini utafanya wewe, si mimi."

Mhasibu amesogeza kiti chake karibu na changu. Anatafuna kalamu tu.

Sasa Mkuu yuko mlangoni, na askari wa lango. Nimewaambia wasubiri kidogo, namwandikia shangazi yangu.

Mwanao