Kikapu Changu Kitupu

Jumatatu, 1 Septemba
Mikanda siku nzima. Kushona mraba, msalaba katikati, kufunga mshono, kumsogezea Kabula, mke wa mwanangu, aishone kwenye jaketi. Mgongo unauma. Chai ya saa nne haikuwa na sukari, Mzee Salum amebana matumizi. Hapa karakana ya Mkuyuni kila mtu anajua kwa nini. Majaketi okozi tunayoshona, ya kumwelesha mtu majini, yalikataliwa ukaguzi uliopita, na bila alama ya ubora wenye boti za visiwani hawatayachukua. Wakaguzi wanarudi mwezi huu huu. Tukianguka tena, Mzee atauza cherehani zote na kuagiza majaketi ya kontena. Mafundi wote nyumbani. Mimi na mkwe wangu Kabula siku moja, nyumba nzima mikono mitupu.

Hata hivyo namshukuru Mungu. Wengi wa umri wangu hawana pa kwenda asubuhi.

Jumatano, 3 Septemba
Mzee ameleta mshauri wa ubora. Anitha, Mhaya, kijana kabisa, viatu vinang'aa. Nilijiandaa kumchukia. Imeshindikana. Alitupa shikamoo mmoja mmoja sisi wazee, kisha akaeleza bila kujigamba.

Anasema zamani fundi alishona na kumkabidhi mteja mwenyewe; nguo ikifumuka, mteja anajua pa kumpata. Vikaja viwanda. Mshonaji hamjui mvaaji, basi akawekwa mkaguzi mwishoni kutupa mbovu. Baadaye wakaona kutupa ni kuchelewa, kosa limeshafanyika, wakaanza kuchunguza kila hatua. Siku hizi kiwango kinauliza mpangilio mzima wa kazi, kuanzia mwenye mali hadi anayefagia, na kama watu wanajifunza kwa makosa yao.

Nilikuwa najiona mwenyewe. Nilianzia Kisesa, cherehani ya miguu kibarazani. Gauni likibana, mwenye gauni alinifuata hadi kisimani. Kisha kiwanda cha mashati, ambako akili zetu zote zilikwenda katika kumzidi ujanja mkaguzi. Na sasa hii. Historia yake yote nimeishona mimi.

Meza ya ukaguzi wa mwisho imeondolewa. Kila fundi amewekewa kikapu. Anayepokea kazi yako ndiye mteja wako. Akiona kosa, anairudisha kazi kikapuni mwako. Hakuna kurekebisha kimyakimya.

Jumanne, 9 Septemba
Kikapu changu kitupu. Cha Mwanahawa, mkata vitambaa, kimejaa. Nimemwambia Wazaramo wanakata kwa meno. Sisi ni watani, kabila kwa kabila, tunaambiana lolote. Amejibu, "Subiri siku yako, Msukuma wewe."

Anitha alipita, akakitazama kikapu changu, hakufurahi. Anasema kikapu kitupu kinampa wasiwasi kuliko kilichojaa. Nimekasirika. Mtu unafanya kazi vizuri na bado unatiliwa shaka.

Alhamisi, 11 Septemba
Mjukuu ana homa. Kabula amempeleka kliniki, hakuja kazini. Mikanda yangu imekwenda moja kwa moja kwenye majaketi bila kupita kwake. Nilimkumbuka saa ya chakula, ingawa huwa hali na sisi. Hubaki ndani. Nilishamsema kwamba anaringa.

Mtoto anaendelea vizuri. Asante Mungu.

Ijumaa, 12 Septemba
Siku mbaya. Anitha alitundika majaketi na kuyafungia mifuko ya mchanga. Mkanda ukachomoka. Kisha mwingine. Mshono ulipita pembeni, haukushika kitu. Mikanda yangu.

Nilisema uzi mbovu. Nikasema mashine. Mzee Salum alichukua kofia yake akaenda kuswali. Afadhali angefoka.

Jumamosi, 13 Septemba
Mwanahawa amenifuata mpaka nje, akaniambia bila kuzunguka. "Yote iliyochomoka ni ya Alhamisi, siku mkweo hayupo. Uzi mweusi kwenye mkanda mweusi huuoni, Mama Kulwa. Macho yako ya kuku saa ya magharibi. Huyo binti kila saa ya chakula anafumua mikanda yako kwa wembe na kuishona upya. Karakana nzima tunajua. Umebaki wewe tu."

Ni mtani peke yake angeweza kusema hivyo. Mwingine ningemvua ngozi.

Nimeona aibu kubwa. Kwanza nilimkasirikia Kabula. Halafu nikafikiri. Mkwe atamrudishiaje mama wa mumewe kazi mbovu, mbele ya watu? Mimi kwa mama mkwe wangu nisingethubutu, ningekufa nayo. Mtoto wa watu ameshinda njaa ili kunisitiri, na mimi namwita mwenye maringo. Moyo umejaa shukrani mpaka unauma.

Lakini hofu ipo pia. Yale majaketi yangetoka, yangevaliwa na mtu. Mkanda ukichomoka katikati ya ziwa, hakuna wa kumrudishia fundi.

Jumatatu, 15 Septemba
Nimemweleza Anitha yote, Kabula akiwepo. Nilishafunga mizigo yangu moyoni. Hakuuliza kosa la nani. Aliuliza kwa nini kazi yetu imepangwa kiasi kwamba kosa linaweza kupita bila kuonekana. Meza yangu imehamishiwa dirishani. Uzi sasa ni wa njano juu ya mkanda mweusi, kwa kila fundi, si mimi tu. Jumatano naenda kupimwa macho. Anitha amelelewa.

Alitaka pia kumhamisha Kabula, Mwanahawa akae baada yangu. Kabula akatikisa kichwa. Hataki kuondoka mezani pangu. Nikamwambia, "Basi ukiona kosa, nirudishie. Mimi mwenyewe ndiye ninayekuomba." Akasema, "Nitajaribu, Mama," huku anatazama sakafu.

Alhamisi, 18 Septemba
Miwani inasaidia sana. Naona hadi vumbi nililokuwa naishi nalo.

Kikapu bado kitupu. Leo nimeshona mkanda mmoja ovyo kwa makusudi, njano imepinda, inaonekana hata ukiwa mlangoni. Kabula akaugeuza. Akanitazama. Akachukua wembe. Nikatoka nje nisije nikasema neno baya. Wiki ijayo wakaguzi wako hapa, na kazi mbovu kurudishwa kikapuni ndicho watakachotaka kuona. Mtoto huyu ataifunga karakana kwa heshima yake.

Alhamisi, 25 Septemba
Wamekuja. Wanaume wawili na mama mmoja, wapole, wanauliza kila kitu. Yule mama alisimama nyuma ya Kabula muda mrefu. Nikawa namtazama yeye badala ya sindano, na mkanda mmoja ukaniponyoka, mshono ukaishia njiani. Sikugundua. Safari hii haikuwa makusudi. Nikausogeza.

Kabula akaugeuza. Wembe ulikuwa pale karibu na mkono wake. Akainuka. Akazunguka meza, akapiga goti mbele yangu kama anavyonisalimu kila asubuhi, akauweka mkanda kikapuni kwa mikono miwili.

"Mama, huu haujafunga."

Yule mama akamwuliza Mzee Salum kama goti nalo ni utaratibu wa karakana. Mzee akasema, "Goti ni la kwao. Kurudisha ndiyo sheria yetu."

Nikaufumua palepale. Nililia kidogo, na sijali nani aliniona. Nimeshashonea watu wengi maishani. Sijui kama nimewahi kupewa heshima kubwa kuliko ile.

Jumanne, 30 Septemba
Tumefaulu. Hati itafuata, lakini wameshamwambia Mzee. Ametununulia soda wote na kuanza hotuba, akaikatiza katikati, akatuambia turudi kazini. Mwanahawa anadai alama ile ni ya Wazaramo. Kikapu changu leo kilikuwa na mikanda kadhaa. Nimeirekebisha bila kununa. Karibu bila kununa.

Jumapili, 5 Oktoba
Nimetoka misa. Upepo mzuri hapa Pasiansi, nguo zimekauka mapema. Nimepika mwenyewe, sato wa mchuzi na ugali, Kabula apumzike. Tulikuwa tunakula, mimi, yeye, Kulwa mwanangu na mtoto.

Kabula akaweka tonge chini. Akasema taratibu kwamba chumvi imezidi.

Kulwa akaacha kutafuna. Nikamwuliza mkwe wangu, ni leo tu, au kila nikipika?

"Tangu nimeolewa, Mama."

Nimecheka mpaka miwani ikanidondoka. Akachukua birika, tukaongeza maji ya moto kwenye mchuzi, tukaendelea kula.