Gauni la Mama Zawadi Limerudi

Siku ya ine (Alhamisi), usiku

Nikimuona tena Mama Zawadi mbele ya mulango wangu, matusi yatanitoka, Mungu anisamehe.

Kosa ni la wale wa matangazo. Walikataa tena kutangaza duka langu la mutandaoni, eti haliaminiki, kwa sababu halisemi muteja anarudisha nguo namna gani. Hapa Kalemie nani anarudisha nguo? Ukishalipa, umelipa. Lakini nikaandika vile walivyotaka: muteja akirudisha nguo ndani ya wiki mbili, atapata feza yake yote, bila kueleza sababu. Nilidhani ni maneno ya kuwanyamazisha tu. Nani angeyasoma?

Jirani yangu aliyasoma.

Asubuhi ameniletea gauni la buluu alilonunua kwangu kwa ndoa ya mutoto wa dada yake. Siku ya posho, Jumamosi ya ndoa yenyewe, nilimuona kwa macho yangu akicheza nalo mpaka wanamuziki wakachoka! Kwapani linanuka jasho, kifuani kuna mafuta ya samaki.

"Mama Zawadi, hili gauni umelivaa!"

Akanionyesha simu yake. "Njo vile uliandika, Mama Neema. Bila kueleza sababu. Basi sielezi."

Nikamurudishia feza yake. Ningefanya nini, na majirani wote wanatuangalia? Nimelifua gauni mara mbili, na yale mafuta bado...

Sasa hivi simu imelia. Ni wale wa matangazo: duka langu linaaminika, kesho tangazo litaonekana muji muzima.

Na siku ya posho kuna ndoa tatu.