Bi Rukia na Kanda Isiyo na Mwimbaji

Kisauni, Jumamosi

Dada Mariamu, shikamoo. Mimi mzima, jua kali, nimeshiba viazi karai.

Leo Mtopanga nimewauliza watu kuhusu santuri za zamani za reggae. Kassim, mwenye duka la kanda, alikuwa akipiga dub, reggae iliyoondolewa uimbaji ikabaki besi na ngoma. Mwachiro, kuli wa bandarini, hakuipenda.

"Mwimbaji kaenda kuswali? Futa hiyo, unirekodie yenye maneno!"

Kanda tupu zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo Kassim akapeleka kidole kwenye kitufe cha kurekodi.

"Wee! Usiifute!" Bi Rukia, muuza viazi wa mlangoni, aliacha karai lake. "Hapo pana nafasi, mwanangu. Watuwachia sisi tuimbe."

Akaingia na wimbo wa harusi, na besi ikamkubali. Wateja wakaitikia kwa vigelegele, viazi vikaungua. Mwachiro alicheza mpaka kofia ikamdondoka.

"Basi futa kanda nyingine, unirekodie hiyo hiyo," akamwambia Kassim akihema, "lakini Bi Rukia awemo."

Nakubusu mikono, nawe wabusu watoto.

Nduguyo, Athmani