Madodoki ya Bi Somoe

Jumatatu, 9 Julai 1973

Nimefungua duka la ushirika, nimefagia, nimepanga sabuni. Stilwaya za kusugulia sufuria bado hazijaja. Mwezi wa pili huu. Kila mwanamke anayeziulizia ananitazama kana kwamba nimezificha chini ya kitanda changu. Jirani yangu Mama Joisi amesema sufuria zake sasa anaona haya kuzianika uani. Nimechoka kusema hakuna.

Mchana alikuja Bi Somoe, mkulima wa Mahurunga, kununua chumvi na mafuta ya taa. Alikaa barazani, akafungua chakula chake. Nilishtuka. Sufuria kuukuu, imebonyea pande zote, lakini inang'aa ndani na nje. Nikamwuliza anasugulia nini.

"Dodoki, mwanangu. Yamejaa kwenye ua wangu, mengine yanaoza tu."

Nimemwomba aniletee gunia zima. Sijamwomba mtu ruhusa.

Jumatano, 11 Julai

Kamati ya duka imekutana. Nikasimama nikaeleza habari ya madodoki. Mwenyekiti alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Akasema duka la ushirika si mahali pa kuuzia magugu. Wengine wakacheka naye. Sikukaa chini.

Mwisho akasema haya, nijaribu mpaka Jumamosi ya wiki ijayo. Yasipotoka, kaunta atapewa mwingine, mimi nirudi ghalani kushona magunia. Nilishona magunia mwaka mzima. Lile vumbi silitaki tena.

Mume wangu, Baba Anitha, nilipomweleza aliacha kula. Akauliza kama siwezi kumwomba mwenyekiti radhi. Siwezi.

Jumamosi, 14 Julai

Gunia limefika. Bi Somoe amekuja nalo juu ya lori la mihogo. Tumekata ncha, tumekung'uta mbegu, tumeloweka moja kwenye beseni watu waone linavyolainika.

Limeuzwa moja. Nimelinunua mimi.

Jumatatu, 16 Julai

Sita leo. Mama mmoja wa Songea amelishika, akalinusa, akalirudisha. Kwao dodoki ni la kuogea, hawezi kulipeleka jikoni. Mwingine amesema anunueje kitu kinachoota uani kwa mama yake. Mama yake yuko wapi? Tukuyu. Tumecheka wote, kisha akachukua mawili.

Jumanne, 17 Julai

Maoni yanamiminika. Napenda. Naandika mengine nisisahau.

Haliparuzi sahani zenye maua. Mama wawili wamesema hivyo.

Harufu ya samaki haikai, mradi ulianike juani.

Ni kubwa mno. Afadhali ulikate mara tatu: moja la vyombo, moja la sinki, moja la miguu ya watoto.

Mke wa mbeba mizigo wa bandarini amelipasua, akalikanyaga likawa bapa, akamwekea mumewe ndani ya viatu vya kazi. Mume amerudi jioni anatembea kama bwana harusi. Sasa wenzake wote wanataka. Amenunua manane kwa mpigo.

Nimecheka peke yangu njiani kurudi nyumbani. Watu wameniangalia.

Jumatano, 18 Julai

Siku mbaya.

Mama Joisi ameingia na sufuria ya wali ulioungua, akaitua juu ya kaunta mbele ya watu. "Mama Anitha, umeniuzia utando wa buibui." Amesugua mpaka bega linamwuma. Ukoko uko pale pale, dodoki limechanika.

Mama wengine watatu waliokuwa na madodoki mkononi wakayarudisha guniani, taratibu, bila kunitazama. Mwenyekiti alikuwa mlangoni. Alitabasamu.

Sufuria ameiacha hapo hapo. Nilitaka kulia, nikaenda nyuma nikapanga viberiti visivyohitaji kupangwa.

Alhamisi, 19 Julai

Hakuna hata moja. Baba Anitha amenipikia chai mwenyewe. Nampenda.

Ijumaa, 20 Julai

Bi Somoe amekuja kuangalia biashara yake. Nikamweleza yote, nikamwonyesha sufuria. Hakukasirika. Alitaka majivu, maji ya moto na kumbi la nazi tu. Nikamtuma mtu kwa Mama Joisi.

Mama Joisi amekuja amenuna, na nusu ya mtaa nyuma yake. Bi Somoe akamwaga majivu na maji ya moto ndani ya sufuria, akafunika, akakaa kula mhogo wake. Tumesubiri. Hakuharakisha tonge hata moja. Kisha akatoa ukoko kwa kumbi, vipande vipande, na mwisho ndipo akashika dodoki na sabuni.

"Ulisugua ikiwa kavu, mwanangu. Iloweke kwanza."

Mama Joisi akaipokea sufuria, akajitazama ndani yake, akakaza kilemba chake. Akacheka mwenyewe kwanza. Basi, wote tukacheka.

Gunia limeisha saa nane. Bi Somoe ameahidi jingine kesho asubuhi.

Jumamosi, 21 Julai

Gunia la pili limefika saa mbili. Saa tatu limefika lori la bidhaa. Stilwaya! Maboksi matano. Kati ya siku zote, leo.

Foleni imefika barabarani. Wa kwanza: stilwaya. Wa pili: stilwaya. Wa tatu, stilwaya mbili. Nikaanza kuisikia sindano ya magunia vidoleni.

Wa nne alikuwa Mama Joisi. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje: "Stilwaya ya masizi, dodoki la ndani na la sahani." Aliyemfuata akasema na yeye hivyo hivyo. Na aliyemfuata. Wengine wakataka dodoki peke yake.

Saa saba gunia tupu. Stilwaya zimebaki boksi zima na zaidi.

Mwenyekiti amesema madodoki yaingizwe kwenye orodha ya bidhaa, na mimi nibaki kaunta. Kisha akasogea, akashusha sauti, akaomba nimwekee moja la mkewe. Nikamwambia yamekwisha, arudi Jumatatu apange foleni. Nimeifurahia sentensi hiyo kuliko mshahara.

Jumapili, 22 Julai

Baada ya kanisa nimekwenda Mahurunga na Anitha. Bi Somoe alitualika. Mikorosho imeanza kutoa maua.

Tumekula ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi. Niliinuka nioshe vyombo, akaninyang'anya, akanionyesha mkeka chini ya upenu. Nikasema nanyoosha mgongo kidogo tu.

Nimeamka jua limepinda. Nimefunikwa shuka. Anitha anacheza uani na wajukuu wa Bi Somoe, wanaongea kwa kunong'ona. Mjukuu mmoja akawaambia wenzake mgeni amelala, wasipige kelele. Bi Somoe akasema siyo mgeni, amelala shangazi yao.

Mwaka wa tatu huu tangu nitoke Njombe. Sijawahi kulala mchana kwenye nyumba ya mtu hapa.

Sikuinuka upesi.