Banda la Kuku Lililowatisha Askari

Jumapili, mvua tangu alfajiri. Nimerudi nyumbani Bweni na tope hadi magotini, na dharau ambayo sijui niiweke wapi.

Mdogo wangu Hamisi yumo gerezani kwa kuvua kwa baruti. Kosa ni lake, analitumikia, sina ubishi. Lakini huyu Hamisi aliyekimbia shule akaenda baharini, amefundishwa kusoma na mfungwa mwenzake. Nilipomtembelea mara ya mwisho aliniambia, macho chini kama anayeleta posa, "Dada, niletee kitabu."

Maishani mwake hajawahi kuniomba kitabu.

Nikamtafutia kitabu kidogo cha ufugaji wa kuku, maandishi makubwa. Akitoka anataka kufuga, bahari basi.

Leo askari wa mapokezi amekipekua kama mtu anayetafuta miba kwenye samaki. Akafika penye mchoro wa banda. Akamwita mwenzake, wakauinamia wote wawili.

"Mama, michoro ya majengo hairuhusiwi."

"Afande, hilo ni banda la kuku."

"Lina mlango. Lina wavu."

Nikauliza kanuni hiyo imeandikwa wapi. Akasema ni maelekezo. Ya nani? Ya juu. Kumbe huko juu kuna mtu analipwa mshahara kuogopa kuku.

Nikawaomba wauchane ukurasa huo, kurasa nyingine ziingie. Akanijibu kuchana ni kuharibu mali ya mfungwa. Nilitaka kucheka, nikaona hata kicheko changu hawakistahili.

Kumwona ruksa, kitabu nirudi nacho. Basi nikaketi mbele ya wavu unaotenga wageni na wafungwa, nikafungua ukurasa wa kwanza, nikaubandika pale pale. Hamisi akasogea, kidole kikifuata maneno.

"Ku-ku... a-na-hi-ta-ji... maji... sa-fi."

Jasho lilimtoka. Akairudia sentensi nzima bila kukwama, kisha akacheka peke yake, kicheko ambacho sijakisikia tangu tumzike mama.

Askari akaja mbio. Akasimama hapo, mdomo wazi, akitafuta kanuni ya kutukataza. Hakuipata.

"Punguzeni sauti," akasema.

Hatukupunguza. Hamisi alisoma hadi chini, nikamfunulia ukurasa wa pili, naye akaendelea mpaka muda ulipokwisha.

Nikienda tena nitawasalimu wale askari, maana nimelelewa. Heshima ndani ya salamu hiyo wasiitafute.